Shilingi ya kila siku na shilingi ya mwisho wa mwezi

Jumapili, usiku.

Saa kumi na mbili jioni magenge ya Dar es Salaam huwa kwenye kazi yake kubwa. Mtoto anakuja na kikombe cha plastiki: "Shikamoo mama, nipimie mafuta ya mia tano." Muuzaji anachovya kipimo kwenye dumu, anakiinua, anakiacha kichuruzike kidogo, anamimina. Nyanya tatu, kitunguu kimoja, unga nusu, mkaa kopo moja. Hiyo ndiyo chakula cha usiku, na kesho saa ileile mtoto atarudi na kikombe kilekile.

Tunapozungumzia pengo la kipato tunataja mishahara: huyu analipwa milioni tatu, yule laki mbili. Mimi naona pengo jingine ambalo halisemwi vya kutosha, nalo liko kwenye siku ambazo hela inaingia. Anayepokea kwa mwezi hununua kwa mwezi. Anayepokea kwa siku hununua kwa siku, na bei ya kununua kwa siku ni ghali kuliko zote mjini. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo analipia kitu kilekile zaidi ya mwenye kipato kikubwa, tena kila siku ya Mungu.

Anayetaka kuhakikisha afanye jaribio hili. Achukue chupa tupu ya maji ya nusu lita, ahesabu vipimo vya mia tano vinavyoijaza. Tuseme lita ya mafuta dukani ni 5,000, basi nusu lita ingekuwa 2,500, sawa na vipimo vitano. Ikihitaji vipimo saba kujaa, umelipa 3,500, na lita yako imekuwa 7,000. Bei hupanda na kushuka, lakini hesabu inabaki ileile. Wala si haki kumwita mama wa genge mwizi. Naye amenunua dumu kwa mkopo, mengine yanamwagika, mengine yanaganda pembeni, na wateja wawili watatu wamechukua kwa daftari na hawajalipa. Anauza udogo wa kipimo, na udogo una gharama yake.

Maji ni hivyohivyo. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ndoo ikiuzwa 100, uniti imefika 5,000. Mwambie jirani mwenye bomba akuonyeshe bili yake, ugawanye mwenyewe.

Ila kinachonikera zaidi ni umeme, kwa sababu hapa serikali ilikusudia mema kabisa na mema hayo hayamfikii mpangaji. TANESCO, shirika la umeme, ina kundi la matumizi madogo ya nyumbani, D1. Mteja asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti. Ukijumlisha VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, inafika 122. Kundi la kawaida, T1, ni 292 kwa uniti, na pamoja na makato hayo inakuwa kama 356. Ndiyo maana mwenye D1 akinunua umeme wa 10,000 anapata karibu uniti 82, na wa T1 anapata 28 tu.

Sasa njoo kwenye nyumba ya wapangaji watano wenye mita moja. Kila chumba kinatumia uniti 30: taa, redio, televisheni, simu, feni. Kila mmoja peke yake angekuwa mtu wa matumizi madogo bila ubishi, na angelipa 3,660 kwa mwezi. Lakini mita haijui kuna familia tano. Inaona uniti 150, na mita inayozidi 75 mwezi hadi mwezi huishia T1. Zile uniti 30 zinakuwa kama 10,700. Tofauti ni 7,000 kwa chumba, 35,000 kwa nyumba nzima, kila mwezi. Wakati huohuo mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba yenye mita yake, akizima zima taa, anabaki D1. Nafuu iliyowekwa kwa ajili ya mnyonge inaangalia mita, na mnyonge kapanga.

Wengi hudhani mita ndogo za kila chumba ni dawa. Hizo zinasaidia kugawana tu. Kwa TANESCO nyumba bado ni mteja mmoja. Dawa ni kila chumba kiwe na mita yake ya LUKU, ile ya kulipia kabla, na hapo ndipo hesabu inagoma: kuunganishiwa mjini, njia moja, ndani ya umbali wa mita 30 bila nguzo, ilipangwa 320,960 mwaka 2022. Kwa akiba ya 7,000 kwa mwezi hela hiyo inarudi baada ya takriban miezi 46. Mpangaji hana uhakika wa kukaa miezi 46, na mwenye nyumba hana cha kumsukuma, maana bili hailipi yeye.

Kinachowezekana leo ni kugawana kwa haki. Nyumba nyingi huchanga sawasawa, na ugomvi unaanzia hapo, kwani mwenye taa moja anamlipia mwenye friji. Taa ya LED ya wati 9, ikiwaka saa tano kila usiku, haifiki uniti moja na nusu kwa mwezi. Televisheni ya wati 50 kwa saa sita ni uniti 9. Friji dogo linaweza kula uniti moja kwa siku, yaani 30. Pasi ya wati 1,000 inakula uniti nzima kwa saa moja, na jagi la umeme la wati 2,000 linaimaliza kwa nusu saa. Andikeni vyombo vya kila chumba kwenye karatasi, gawanyeni uniti kwa hesabu hiyo, mbandike ukutani karibu na mita. Kodi ya majengo nayo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inakatwa kwenye LUKU ya yeyote anayenunua. Ni deni la mwenye nyumba. Tunzeni meseji za tokeni zinazoonyesha makato, mkubaliane yatolewe kwenye kodi ya pango, tena iandikwe kwenye mkataba kabla ya kuhamia. Ukishaingiza godoro ndani, hakuna anayekusikiliza.

Kodi ya pango yenyewe ndiyo hupeleka watu kwenye mikopo. Chumba cha 50,000 kwa mwezi kinaonekana kinawezekana kwa mtu anayebakiza 3,000 kwa siku. Lakini kinadaiwa miezi sita kwa mpigo, 300,000, na dalali anataka mwezi mmoja wake. Laki tatu na nusu ziwe mkononi siku moja. Asiyekuwa nazo anakwenda kwa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa.

Tuchukue mfano, maana ukiuona kwenye namba hauusahau. Umeomba 200,000. Fomu na "bima" 20,000, unapewa 180,000. Marejesho ni 9,000 kwa siku, siku 30, jumla 270,000. Umelipa 90,000 juu ya 180,000, nusu ya ulichopokea, ndani ya mwezi mmoja. Na si nusu tu, kwa sababu unaanza kurudisha kesho yake: ukifika siku ya kumi na tano robo tatu ya hela huna tena, lakini riba inahesabiwa kana kwamba yote bado iko mfukoni mwako. Kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, ukomo wa Benki Kuu ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki mbili hiyo ni 7,000. Weka 7,000 na 90,000 kwenye mstari mmoja uziangalie.

Mkopo wa namna hii huharibika palepale mwanzoni. Rejesho la kwanza linadaiwa kabla bidhaa haijauzwa, kwa hiyo linatoka kwenye mtaji. Wiki ya pili mtaji umepungua, genge limepungua, faida haifiki 9,000. Hapo unachukuliwa mkopo wa pili kuziba wa kwanza, na baada ya hapo wanakuja kubeba televisheni na mtungi wa gesi. Mikopo ya kwenye simu ilileta balaa lake, hadi Novemba 2024 Benki Kuu ikapiga marufuku majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Kabla ya kusaini popote dai vitu vitatu: leseni, mkataba wa Kiswahili unaotaja jumla ya marejesho kwa tarakimu, na nakala yako. Anayekataa kimojawapo, ondoka.

Utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, uliowekwa kwenye 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Naiheshimu kazi hiyo, lakini namba inayohesabu matumizi ina tundu. Kaya iliyolipa 7,000 kwa lita moja ya mafuta inaonekana imetumia zaidi ya kaya iliyolipa 5,000, na sufuria zao zina mafuta yaleyale. Kima cha chini cha serikali kilipopandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 Julai 2025, nilifurahi kwa walimu na wauguzi wa ngazi za chini. Kibarua wa kubeba zege hayumo humo, na anaishi vyumba viwili kutoka kwao.

Kitu ambacho nimeona kinageuza shilingi ya siku kuwa shilingi ya mwezi ni kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kikiendeshwa kwa adabu. Watu 15 hadi 30, hisa moja hadi tano kila wiki, bei ya hisa iwe ile ambayo mwanachama mnyonge kuliko wote anaiweza hata wiki mbaya. Mkopo usizidi mara tatu ya hisa zako. Mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, ukae kando, usikopeshwe. Sanduku liwe na kufuli tatu na funguo kwa watu watatu wasiolala nyumba moja, na hela ihesabiwe mbele ya wote, kwa sauti. Vikoba vingi hufa kwa sababu moja: hela imeingia kwenye simu ya mtunza fedha, "kwa usalama", akauguliwa, akaigusa, akanyamaza. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inataka kikundi kisajiliwe, na usajili huo ndio unaokupa pa kushtaki. Ukiwa na kikundi cha wanawake, vijana au wenye ulemavu, ni pia mlango wa ile mikopo isiyo na riba inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.

Kuhusu kuvunja kikoba na kugawana akiba, wengi huvunja Desemba, na hela inaishia kwenye nguo na pilau la sikukuu. Vunjeni wiki mbili kabla kodi za wengi hazijaisha, mwezi wowote ule. Laki tatu ya kikoba haina rejesho la kesho asubuhi.

Na mafuta? Familia tano zinaweza kununua dumu la lita 20 na kupata lita nne kila mmoja. Mpango huu huvunjika kwa swali la nani anakaa na dumu, basi asikae mtu: ligawanywe siku hiyohiyo, wote wakiwepo, kila mmoja na chombo chake. Halafu kuna jambo la jikoni ambalo akina mama wanalijua vizuri, kwamba mafuta yakiwa mengi mkono unakuwa mwepesi. Jikoni ikae chupa ya nusu lita yenye alama ya kalamu kwa kila siku, na lita tatu na nusu zilizobaki zikae chini ya kitanda.