Nilivyoiachia Word izime kompyuta

Steshenari yangu inaishi kwa mitihani. Ikifika wiki ya majaribio, shule inaleta kazi jioni na kuitaka alfajiri, na printa yetu ni mwendo wa kobe. Nilichoka kukaa hadi usiku nikiilinda mashine ili tu niizime, maana kuiacha iwake hadi asubuhi ni kuichezea luku.

Nikakumbuka makro, yaani amri unazoandika mara moja kisha Word inazifuata yenyewe. Nilifungua Word, nikabonyeza Alt+F11 kufungua sehemu ya kuandikia makro, nikaingia kwenye Normal, kile kiolezo cha Word, ili itumike kwa faili lolote, nikaongeza moduli (ukurasa wa kuandikia amri) na kuandika:

Sub ZimaMashine()
ActiveDocument.Save
ActiveDocument.PrintOut Background:=False
Shell "shutdown -s -t 3600"
End Sub

Hiyo False inailazimisha Word itume kurasa zote kwanza ndipo ishuke mstari unaofuata. Ila kutuma si kuchapa. Kurasa bado zinapanga foleni ndani ya Windows. Ndiyo maana niliweka sekunde 3600. Kurasa 90 kwetu ni kama dakika 40, na trei inabeba 100.

Usiku wa kwanza mambo yakaenda safi. Asubuhi akaja mama mmoja: "Mwanangu, ile orodha ya michango umeshanitolea?"

Orodha ilikuwa Excel, wazi, haijahifadhiwa hata mara moja. Nilikuwa sijui kwamba ukiweka muda unaozidi sifuri, Windows inafunga programu zote kwa nguvu bila kuuliza. Nikaandika upya majina 63, yeye pembeni ananisomea daftari: "Huyu aliahidi laki, katoa elfu kumi. Andika, andika hivyo hivyo."

Siku hiyohiyo nikaongeza mstari wa kwanza, chini tu ya ule wa Sub:

If MsgBox("Umefunga vingine vyote?", vbYesNo) = vbNo Then Exit Sub

Haukumzuia kijana wetu wa fildi. Juzi saa sita mchana, foleni ya wateja mpaka mlangoni, aliigusa makro, akabonyeza Yes bila kusoma, na tangazo la kuzima likatokea. Akaniangalia kama aliyevunja sahani ya ugenini. Nikashika kitufe cha Windows na R, nikaandika shutdown -a, amri ya kusitisha kuzima, nikapiga Enter, nikamwambia aendelee na kopi za yule dada mwenye vyeti.