Kushika Kidevu

Mwanangu alizaliwa na kilo 2.9. Wiki tatu baadaye, Alhamisi moja ya Julai 2011, mizani ya kliniki hapa Nakuru ilisoma 2.6. Nesi akatia nukta kwenye kitabu cha kliniki, akaniambia, "Mama, nyonyesha mtoto," kana kwamba nilikuwa nimesahau.

Nilikuwa nanyonyesha mchana kutwa na usiku kucha. Titi limo mdomoni lakini mdomo haukazi. Ulimi unalisukuma nje, maziwa yanachuruzika hadi shingoni, naye anapitiwa na usingizi kabla hajashiba. Alikuwa mlegevu mwili mzima. Ukimbeba, mikono inaning'inia tu.

Kwamba ana nini, nilikuwa nimeshasikia siku ya pili wodini. Nasema kusikia kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi. Daktari alikuja na wanafunzi wake, akamfungua kiganja akawaonyesha ule mstari mmoja unaokatiza, akawaonyesha macho na ngozi ya shingo, wakiongea Kiingereza juu ya kichwa changu, mimi niliyekuwa nakifundisha darasa la sita. Kisha: "Tutatoa damu tuthibitishe." Wakahamia kitanda cha pili.

Nikabaki na neno moja, Down. Nililielewa lilivyo: chini. Nimezaa mtoto wa chini. Miezi ilipita ndipo nikasoma kwamba ni jina la mtu tu, daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyeieleza hali hii ya kuzaliwa nayo, Down syndrome, mwaka 1866. Ningeambiwa hilo pale kitandani, kilio kingepungua nusu.

Mama mkwe alifika kutoka Kakamega, akamtazama mjukuu, akasema, "Kwetu hakuna wa namna hii." Baba wa mtoto alikuwa safarini Malaba na lori, simu inakatikakatika. Tuyaache hayo.

Siku hiyo ya kilo 2.6 nilirudi kwenye benchi kwa sababu miguu haikutaka kunibeba hadi stejini. Pembeni yangu alikuwa ameketi mama mmoja aliyejifunga leso juu ya sweta, na msichana wa miaka tisa au kumi akibambua njugu karanga, maganda anayapanga mstari kwenye paja. Nilimtazama yule msichana mara moja nikageuza uso. Alikuwa na macho ya mwanangu.

"Wako ana wiki ngapi?" mama akauliza.

"Tatu."

"Akinyonya anatokwa na jasho? Midomo inageuka rangi?"

Nikasema sijaona.

"Moyo wamempima?"

"Hapana."

"Basi usitoke hapa bila barua ya moyo. Hawa wetu, karibu nusu huzaliwa moyo una shida." Alilisema hilo "wetu" bila kulitilia uzito, kama mtu anayetaja wa mtaa wake. "Haya, mpe titi nione."

Hapo foleni nzima inatazama! Nikafunua. Akaniangalia dakika nzima bila neno, kisha akaushika mkono wangu na kuupanga kidole kwa kidole. Vidole vitatu vya mwisho vikabaki chini ya titi. Kidole cha shahada na gumba akavileta mbele, vikafanya kama kikombe, na kidevu cha mtoto kikakaa humo, shahada shavu hili, gumba shavu lile. "Sasa bana mashavu. Polepole. Hana nguvu ya kushikilia, wewe ndiye umshikilie." Akamvua soksi, akamkuna nyayo asilale.

Mara ya kwanza aliteleza. Mara ya pili akateleza. Msichana akaacha njugu zake, akaja kusimama mbele yetu, akaweka kidole chake chenye chumvi chini ya kidevu cha mtoto, pale pale, hata mama yake hakumwambia. Nikahisi mvuto ambao sikuwa nimewahi kuuhisi kwake. Halafu nikasikia koo: klu. Kimya. Klu.

"Akichoka, kamua umalizie na kikombe," yule mama akasema, huku ameshasimama, walikuwa wameitwa. "Usiende chupa haraka." Sikumuuliza jina. Nilijua tu kwamba anauza mitumba upande wa Free Area, na nilipomtafuta huko baadaye sikumpata.

Barua ya moyo niliipata baada ya kubishana. Majibu ya damu yalichukua wiki kadhaa: kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya chembe za mwili, 47 badala ya 46, yaani ni Down kweli, jambo nililokuwa nimeshalipokea kwenye lile benchi.

Alhamisi iliyofuata mizani ilisoma 2.85. Nesi, yule yule, akaisoma mara mbili.

"Umeanzisha maziwa ya kopo?"

"Ni yangu."

Akanitazama kidogo, akatia nukta, akaita anayefuata.