Si Kila Kinachoingia ni Neema

Somo: 2 Wakorintho 8:1–15

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumanne moja mwezi uliopita, jua likikaribia kuzama, nilikuwa nimekaa barazani na karatasi ya shule mkononi. Ada ya kijana wetu wa pili ilikuwa imebaki shilingi 180,000, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Asubuhi ile nilikuwa nimeiombea. Simu ikatoa mlio. Umepokea Tsh 200,000. Jina la mtumaji silijui.

Nikasema kwa sauti, "Neema!" Mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi, akausoma ule ujumbe, akaniuliza ni nani huyo. Nikamjibu kwamba mimi simjui ila Mungu anamjua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na yeye ana mtu wake anayeisubiri hiyo hela." Akarudi jikoni.

Ilipita kama nusu saa kabla mwenyewe hajapiga. Ile nusu saa ndiyo inayonifanya niandike tafakari hii. Nilikuwa na ombi, fedha imekuja, na hata andiko nilikuwa nimeshalipata: kunguru walimletea Eliya mkate na nyama kule kijito cha Kerithi, naye Eliya hakuwauliza wameutoa wapi. Nilichukua Neno la Mungu nikalitumia kuhalalisha hela ya mtu aliyekosea tarakimu moja. Na sikuona kwamba ninaiba. Niliona nimebarikiwa.

Alipopiga, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia. Alikuwa anamtumia shemeji yake fedha ili mama yao aruhusiwe kutoka hospitali. Yeye alikuwa mkweli, lakini matapeli wanaojifanya wamekosea namba ni wengi, kwa hiyo usirudishe fedha kwenye namba yoyote utakayotajiwa. Wapigie huduma kwa wateja, muamala urudishwe kule ulikotoka. Ndivyo tulivyofanya. Usiku ule ujumbe mwingine ukaingia, salio langu likarudi pale lilipokuwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiliwaza hili neno *neema*. Kwa Kiswahili chetu limebeba mambo mawili kwa mpigo. Mvua ikinyesha vizuri na ghala likajaa, tunasema mwaka huu ni wa neema. Mtu akijenga, akanunua pikipiki na ng'ombe wawili, tunasema ameneemeka. Na neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa wema wa Mungu kwa mwenye dhambi asiyestahili. Ni rahisi sana moyo kuteleza kutoka maana moja hadi nyingine, ukaanza kuamini kwamba palipo na wingi ndipo Mungu alipo, na palipokauka hayupo. Wapo wanaohubiri hivyo waziwazi, panda mbegu uvune mara mia, na watu maskini wamekopa ili wapande. Hilo linanihuzunisha, na siwezi kulipitia kimya. Lakini mimi sikuhitaji mhubiri wa namna hiyo. Ule ujumbe wa simu ulinitosha.

Sasa tazameni Paulo anavyolitumia neno hili. Katika sura ya 8 na ya 9 za waraka wa pili kwa Wakorintho, anazungumzia changizo. Kule Yerusalemu watakatifu walikuwa na shida, naye alikuwa akikusanya mchango katika makanisa ya mataifa ili uwafikie. Katika sura hizo mbili, neno la Kiyunani *charis* linatokea mara 10. Biblia yetu hulitafsiri mara nyingi kuwa neema, na mara nyingine shukrani. Hata lile changizo lenyewe Paulo analiita neema. Na anapoanza kueleza, anasema anawaarifu "habari ya neema ya Mungu, waliyopewa makanisa ya Makedonia".

Ukiisoma kwa masikio yetu, unatazamia mstari unaofuata useme kwamba Makedonia biashara ilifunguka na mashamba yakazaa. Mstari unaofuata unataja dhiki nyingi na "umaskini wao uliokuwa mwingi".

Makanisa hayo ndiyo ya Filipi, Thesalonike na Beroya. Filipi ndiko Paulo na Sila walikopigwa bakora na kufungwa miguu katika mkatale. Thesalonike ndiko kundi la watu lilikoivamia nyumba ya Yasoni, na wakuu wa mji wakachukua dhamana kwake kabla ya kumwachia. Dhamana ile ilitoka mfukoni mwa Mkristo mpya kwa kosa la kumkaribisha mgeni. Alikuwepo Lidia, mwuza rangi ya zambarau, mwenye nyumba ya kutosha kupokea wageni. Lakini kwa jumla lilikuwa kanisa la watu waliobanwa. Hawa ndio Paulo anaosema wamepewa neema. Na neema yenyewe ilionekanaje? Walimwomba, tena kwa kusihi, wasiachwe nyuma katika kutoa. Ombaomba wa kutoa! Mimi nimekuwa mzee wa kanisa miaka kadhaa na nimesimama mbele ya watu kuomba michango ya bati, ya madirisha na ya nyumba ya mchungaji, lakini sijawahi kusihiwa nipokee.

Wazee wetu walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Methali hii huwa tunaisema kikapu kinapopita, na ni kweli tupu. Ila Paulo anakwenda hatua moja mbele yake. Kama kutoa ni moyo, moyo wenyewe unatoka wapi? Mimi moyo wangu nilishauona ile Jumanne. Jibu lake liko mstari wa 5, kwamba Wamakedonia walijitoa nafsi zao kwa Bwana kwanza, na mstari wa 9: "Maana mmejua neema ya Bwana wetu Yesu Kristo, jinsi alivyokuwa maskini kwa ajili yenu, ingawa alikuwa tajiri, kusudi kwamba ninyi mpate kuwa matajiri kwa umaskini wake." Hapo ndipo neema ilipo. Haikuanza na kitu kuingia kwetu. Ilianza na Mwana kushuka, akazaliwa na kulazwa horini, akazikwa katika kaburi la kuazima. Aliyelishika hilo hahitaji kuogopeshwa na laana ili atoe, wala kuahidiwa gari. Ameshapewa.

Na Paulo hawaamuru Wakorintho, anasema wazi kwamba haneni kwa kuwaamuru. Angeweza. Walikuwa wameahidi tangu mwaka uliotangulia na hawajamaliza (ahadi zilizoandikwa kwenye kadi zikasahaulika hazikuanza katika sharika zetu). Yeye anawarudisha msalabani, kisha anawaacha na dhamiri yao.

Lipo jambo jingine katika sura hii ambalo huwa hatulihubiri, nalo nalipenda sana. Fedha ile haikubebwa na mtu mmoja. Paulo anamtuma Tito, na pamoja naye ndugu mwingine ambaye sifa zake zimeenea makanisani mwote, na ndugu wa tatu aliyethibitishwa kuwa na bidii. Watu watatu. Sababu anaitoa mwenyewe: mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama ile, wakifikiri yaliyo mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu". Mtume aliyetokewa na Bwana njiani kuelekea Dameski hakusema "niaminini, mimi ni mtumishi wa Mungu". Alitaka mashahidi.

Jumapili baada ya ibada, sisi nasi huingia ofisini watatu. Tunamwaga sadaka mezani. Zipo noti zilizonyooka ndani ya bahasha, na zipo noti za elfu moja zilizokunjwa mara nne mpaka zimekuwa ndogo kama punje ya hindi, bado zina unyevu wa kiganja cha mtoto. Mmoja anahesabu, wa pili anarudia, wa tatu anaandika, wote tunasaini. Zamani nililiona kama kazi ya kuchosha ya mwisho wa ibada. Sasa ninapoikunjua noti ya namna ile najua ninashika kitu ambacho Paulo angekiita neema, na neema haiandikwi kwa penseli.

Lakini uaminifu wa mali hauishii kwenye kikapu, na hapa ndipo ninapoomba tukae kidogo. Yesu aliwaambia mafarisayo kwamba wanalipa zaka ya mnanaa na bizari na jira, huku wameacha "adili, na rehema, na imani". Zaka ilikuwa imetimia hadi kwenye majani ya mboga. Je, dada anayekulelea watoto amelipwa mwezi huu, au umemwambia asubiri kwa sababu una ahadi ya jengo? Muuza duka aliyekukopesha sukari na sabuni anaijua imani yako kwa daftari lake kuliko kwa kwaya unayoimba. Debe unalopimia mahindi ya kuuza ni lile lile unalopimia ya kununua? Shamba la marehemu kaka yako, wajane na watoto wanalilima, au limeshabadilishwa jina? Sadaka iliyotokana na mshahara wa dada wa kazi ni zile laki mbili zangu, fedha ya mtu imekosea njia nasi tunaiita baraka.

Zakayo, yule mkubwa wa watoza ushuru, hakuambiwa arudishe chochote, angalau Luka hakuandika hivyo. Bwana alimwambia tu kwamba leo imempasa kushinda nyumbani mwake. Akashuka mkuyuni, akampokea kwa furaha, na mwenyewe akasimama akasema nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa kurudishiwa mara nne. Mgeni aliingia kwanza, hesabu zikafuata. Mpangilio ule ndio ninaoutafuta nyumbani kwangu.

Mmoja wenu ataniuliza ada iliishia wapi. Ijumaa ile nilikwenda shuleni na shilingi 70,000. Nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi pamoja na wazazi wengine wenye karatasi kama yangu, nikaomba nafasi, wakanipa hadi mwisho wa muhula. Hakuna kunguru aliyekuja. Kijana yuko darasani, deni lipo, na nalilipa kidogo kidogo. Wiki iliyopita yule bwana alipiga tena. Mama yao anaendelea vizuri, ameanza kutembea uani kwa fimbo, na amesema anataka kusikia sauti ya mtu aliyerudisha fedha. Akapewa simu. Akaniuliza jina, akaniuliza nyumbani ni wapi, kisha akaanza kuniombea mimi na watoto wangu, nami nimesimama na simu sikioni, kichwa nimeinamisha.