Siku Moja Maishani Mwangu: Mtenganishaji wa Wadudu Wawindaji

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi huwa nimekwisha kupiga magoti shambani, nikitoa vikombe ishirini vya mtego, vilivyofukiwa hadi kingo zake zikalingana na udongo ili wadudu watumbukie. Wapo wanaodhani ninacheza na wadudu, kumbe ninatafuta kujua ni wawindaji gani wanaopita hapo usiku.

Saa tatu niko maabara, nachuja, naosha na kutia spiriti. Saa tano sahani ya kwanza iko chini ya hadubini, na kwa kawaida makundi mawili makubwa hujitenga yenyewe. Mbawakawa wa ardhini, ambaye jamaa yake ina spishi takriban 40,000, amefunikwa mgongo na mabawa magumu kama ngao. Mwenzake mwenye mabawa mafupi, wa jamaa yenye spishi zaidi ya 60,000, ameacha tumbo wazi, nalo ni jembamba na lenye kupindika, hata akitishwa hulinyanyua kama nge ingawa hana mwiba. Amepunguza kinga, lakini hupenya katika nyufa na majani yanayooza, huku mabawa ya kurukia yamekunjwa kwa ustadi chini ya vifuniko hivyo vifupi. Huyu ndiye ninayemstaajabia zaidi.

Kisha kikaja kikombe cha saba. Konokono asiye na gamba alikuwa ametumbukia humo, na ute wake ukawagandisha wadudu wote kuwa donge moja, nikalazimika kuwatenganisha mguu kwa mguu kwa kibano, shingo ikiniuma. Ndani ya donge hilo alikuwamo mdudu wa milimita tano mwenye mabawa yaliyokatika kabla ya ncha ya tumbo. Kwa uchovu nikamwandika miongoni mwa wenye mabawa mafupi, lakini tumbo lake lilikuwa gumu na ncha tu ndiyo iliyochungulia. Nilipomgeuza chali, niliona vikonyo vya miguu ya nyuma, yaani pale miguu inapoungana na mwili, vimeipasua pingili ya kwanza ya tumbo, na penye shina la paja pana kinundu chenye umbo la haragwe. Kwa alama hizo mbili, alikuwa mbawakawa wa ardhini, kwani hata hao wamo wenye mabawa yaliyokatwa.

Vikombe sita vya mwanzo nilikuwa nimevihesabu kwa kutazama migongo tu. Nikavirudia vyote, nikakuta wengine wawili niliowakosea. Saa sikuitazama tena. Giza lilipoingia nilikuwa bado nikifuta hesabu na kuandika vibandiko upya kwa penseli, maana wino huyeyuka katika spiriti.