Vyombo vya kupikia ninavyobeba kambini kwa siku mbili

Jiko huwa nalichagua mwisho. Kwanza naandika milo: vyakula viwili vya jioni, vifungua kinywa viwili, na mchana nakula vitu visivyohitaji moto. Kila mlo wa moto, pamoja na kikombe cha chai, unataka maji kama mililita 750. Jumla ni lita 3 kwa mtu mmoja.

Hapo ndipo hesabu ya gesi inapoanza. Jiko dogo linalofungwa juu ya mtungi hutumia gramu 10 hadi 15 kuchemsha lita moja palipotulia, kwa hiyo lita 3 ni gramu 45 hivi. Mimi huzidisha mara mbili kwa ajili ya upepo na baridi, na mtungi wa gramu 100 unatosha. Ila ukitegemea moto huohuo kuchemshia maji ya kunywa, hesabu inavurugika kabisa: lita 2 au 3 zaidi kila siku. Ni afadhali kubeba chujio la maji kuliko mtungi mkubwa.

Soma pia gesi iliyomo. Butani tupu huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, na jiko linazimika ilhali mtungi ukiutikisa unasikia bado una kitu. Kwenye baridi chukua iliyochanganywa na propani, na usiku uulaze mtungi ndani ya mfuko wa kulalia.

Jiko la spiriti ni jepesi na halina cha kuharibika, lakini mwali wake hauonekani mchana. Watu huongeza spiriti wakidhani limezimika, na moto unapanda hadi kwenye chupa waliyoishika. Ukilibeba, subiri lipoe kabisa ndipo uongeze.

Sufuria inafuata chakula. Titani ni nyepesi na inafaa kuchemshia maji tu. Joto linakaa sehemu moja, na wali au uji unaungua katikati huku pembeni ukiwa mbichi. Anayepika kweli abebe alumini, ambayo husambaza joto. Mtu mmoja inamtosha ya mililita 750 hadi 900, wawili lita moja na nusu. Mfuniko usiuache nyumbani kwa kupunguza uzito, maana bila mfuniko utalipa kwa gesi. Tambi mimi huchemsha dakika 2 au 3, nazima, nafunika, kisha naiviringisha sufuria kwenye fulana nene kwa dakika 10 hadi 15. Zinaiva zenyewe.

Upepo ndio mla gesi mkubwa. Hata hivyo, usizungushe kikinga upepo pande zote kwenye jiko lililokaa juu ya mtungi: joto linarudi chini, mtungi unapata moto na unaweza kupasuka. Kinga upande upepo unakotoka tu, na uguseguse mtungi. Ukishindwa kuushika, zima. Ndani ya hema usipike hata mvua ikinyesha, kwa sababu hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye jiko haina harufu na inaua.

Sehemu ninayoikagua kwa makini kuliko zote ni kampira kadogo kaliko kwenye mdomo wa jiko, panapoingia mtungi. Kapitishe ncha ya kidole: kasiwe kamekauka, kamepasuka wala kuwa na mchanga. Funga koki ya jiko kwanza, simamisha mtungi wima, zungusha kwa vidole mpaka likaze, basi, koleo litakaponda. Mlio mfupi wakati wa kufunga ni wa kawaida. Ukiendelea, paka maji ya sabuni: panapotoka mapovu panavuja, na jiko hilo usiliwashe.

Vingine ni vichache: kijiko chenye mpini mrefu, kisu kidogo, kikombe, kipande cha sponji. Kiwashio cha kubonyeza kilichomo kwenye jiko hukwama kikipata unyevu, hivyo beba kibiriti cha gesi na njiti kwenye mfuko usiopitisha maji, kila kimoja mahali pake.

Kabla ya kufunga begi, pima mtungi kwenye mizani ya jikoni, chemsha nusu lita ukiwa nje, acha upoe, upime tena. Gramu zilizopungua, ukizizidisha mara mbili, ndizo matumizi halisi ya jiko lako na sufuria yako kwa lita moja. Tumia hizo badala ya zangu.