Karabai ndani ya IST

Mke wangu alifungua mlango wa gari, akainama kuchungulia, kisha akasimama tena wima, mkono kiunoni.

“Hivi tunakwenda kwa mama au tunakwenda kuvua dagaa?”

Aliyekulia bara huenda asiuelewe utani huo. Huku Mtwara dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Mashua hutoka na taa kali, zamani karabai za kupampu, siku hizi mara nyingi LED za betri. Samaki huufuata mwanga, wavu ukawazunguka. Ukisimama Mikindani usiku wa namna hiyo utadhani kuna mji umejengwa juu ya maji. Sasa, ndani ya Toyota IST yangu kulikuwa na vitaa 72 vya buluu: vipande vinne, kila kimoja vitaa 18, viwili chini ya dashibodi na viwili chini ya viti vya mbele. Dagaa wangekuja, sina shaka.

Mama anayetajwa hapo ni mama mkwe, yuko Ndanda, upande wa Masasi. Tulifika usiku, akatoka na tochi yake kutupokea, akalitazama gari, akanitazama mimi. “Karibuni. Hili gari mmetoka nalo harusini, baba?” Nikajibu hapana mama, ni taa tu. Akasema haya. Mkwe akikwambia “haya” namna ile, unatamani utafute kazi ya kufanya nyuma ya nyumba.

Nianze basi kwa nini niliweka hizo taa. Kazi yangu ni hesabu. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, nakuwa barabarani mara kwa mara kwenda kwenye vyama vya msingi vya ushirika, na narudi mjini giza limeshaingia. Gari linajaa makaratasi. Kalamu inaanguka, stakabadhi inaingia chini ya kiti, chenji ya maji inapotelea kwenye mfuko wa mlango. Ukiwasha taa ya darini, kioo cha mbele kinageuka kioo cha kujitazamia: unajiona wewe na shati lako, barabara huioni. Nilichotaka ni mwanga kidogo wa miguuni. Na nisiseme uongo, nilitaka pia gari lipendeze. Lina umri wake, viti vimepauka kwa jua, nikaona usiku angalau liwe na staha.

Nikanunua seti ya shilingi 18,000, ina rimoti na rangi kemkem. Ilikuja na plagi ya tundu la kiberiti. Fundi niliyempelekea akacheka, “Bosi, kuchomeka kwenye kiberiti si ufundi,” akaikata plagi na kuunga waya moja kwa moja kwenye umeme wa betri, ule usiokatika hata ufunguo ukiwa mfukoni. Sikuuliza. Ningeuliza.

Safari ile ya Ndanda ndiyo iliyonifunza. Tulipotoka Mikindani taa za nyumba zikaisha, ikabaki barabara na miti. Nilikuwa najiona niko kwenye ndege. Kumbe mbele yangu kuna mtu na baiskeli, gunia limelala nyuma, hana taa wala kiakisi. Nilimwona amekaribia mno. Nikakata usukani, mke wangu akashika dashibodi, yule bwana akaendelea kukanyaga pedali zake hata hakugeuka. Nadhani amezoea.

Tulisimama. Mke wangu hakusema neno, akachukua rimoti na kuzizima. Tukakaa dakika chache. Polepole kingo za barabara zikaanza kurudi, mara mti, mara kibao. Nikaona tofauti kwa macho yangu mwenyewe, ingawa mlangoni kwa mama niliziwasha tena.

Nilipofuatilia baadaye nikaelewa. Jicho lina chembe za aina mbili, za kuonea mchana na za kuonea gizani. Hizi za gizani huchukua karibu nusu saa kuamka sawasawa, na mwanga wa buluu unazichochea kupita kiasi, yaani unazipofusha; mwekundu haziuoni sana, kwa hiyo hauzisumbui. Ndiyo maana BMW miaka mingi dashibodi zao zilikuwa za rangi kati ya chungwa na nyekundu. Kuna na jambo la pili: mwanga wowote wa ndani ukiweza kufika kwenye kioo cha mbele, kioo kinaurudisha usoni kwako kama utando. Vile vitaa vya chini ya dashibodi vilikuwa wazi, havina kificho. Sikuweza kuviona nikiwa nimekaa, ila kioo kiliviona.

Pigo la pili lilikuja nyumbani. Sisi tuko Shangani, hapa Mtwara mjini, chumvi ya bahari haina huruma, kwa hiyo gari hulala chini ya turubai. Ijumaa jioni mtoto alichukua rimoti kuchezea. Jumapili asubuhi nabonyeza kufungua milango, kimya. Betri imekwisha kabisa. Taa ziliwaka chini ya turubai saa 36 hakuna aliyejua. Fanya hesabu, hiyo ndiyo kazi yangu: vitaa vile vilikuwa vinakula kama ampia moja na kidogo, mara 36, na betri yangu ni ya ampia-saa 35, tena si mpya. Kwenye daftari la kawaida tungesema mkopaji hakubakiza hata mtaji. Jirani akaja na waya za kuamshia.

Nikang'oa zote siku hiyo hiyo.

Ningeishia hapo, ila mpwa wangu yuko chuo cha ufundi na alikuwa likizo. Akanitazama navyong'oa, akasema, “Mjomba, tatizo si taa. Tatizo umeweka taa ili uzione taa.” Nikamwambia aeleze. Akalala chali chini ya dashibodi na tochi mdomoni, akaelekeza mwanga wa tochi kwenye kapeti. Miguu ikaonekana, pedali zikaonekana, tochi yenyewe ukikaa kitini huioni. “Hiyo,” akasema.

Tukanunua utepe wa LED wa rangi ya kaharabu, ule unaofanana na mwanga wa kibatari, mita tano. Hauuzwi vipandevipande. Kwa wanaotaka kujaribu, utepe wa volti 12 unakatika kila baada ya vitaa vitatu, pale penye alama na vidoa vya shaba. Ukikata pengine unaua vitaa vitatu bure. Kila kundi la vitatu lina kizuizi chake kidogo cha umeme. Na volti 12 ni jina tu: injini ikiwaka, chaja inapeleka hata 14.4, taa za bei rahisi zinachemka. Hiyo ni sababu nyingine ya kuziendesha chini ya nguvu zake.

Tulikata sentimita 30 kwa dereva, 30 kwa abiria, na vipande viwili vya sentimita 25 kwa walioketi nyuma, chini ya viti vya mbele. Jumla mita moja na sentimita 10. Utepe wetu ni wa karibu wati tano kwa mita, kwa hiyo wote hauli hata nusu ampia. Fyuzi ya ampia mbili inatosha na kusaza.

Umeme hatukuchukua kwenye betri. Mpwa alitafuta kwa multimita, kile kipimo cha umeme, fyuzi ya taa ndogo, ile inayoamka ukizungusha swichi ya taa za nje, akachomeka kile kipande kinachoingia mahali pa fyuzi ya zamani, kikaibeba hiyo na kukupa nafasi ya fyuzi ya pili. Maana yake, nikiwasha taa ndogo jioni, za miguuni zinawaka zenyewe, nikizima, zinazima. Rimoti hakuna. Mtoto hana cha kuchezea. Nikisahau taa, gari lenyewe linalia nikifungua mlango.

Sehemu iliyokula muda wetu ni kuficha. Vitaa vilionekana kama nukta nukta kwenye plastiki nyeusi ya pedali, vilevile unavyoona taa za nyumba kwenye dimbwi. Tulijaribu karatasi ya kuokea, ikajikunja. Mwisho nikachukua kifuniko cha ndoo nyeupe ya rangi, nikakikata kwa kisu vipande vya upana wa kidole, tukavibandika mbele ya utepe vikiwa vimeachana nao kama sentimita moja. Nukta zikayeyuka. Ukawa mwanga mmoja laini, haujulikani unatoka wapi. Nilikaa kitini, nikainamisha kichwa kushoto, kulia, nikasimama nje nikachungulia dirishani. Kioo cha mbele kimetulia, cheusi.

Viungo vyote mpwa alichomea kwa risasi ya kulehemu na kuvivika mpira ule unaosinyaa kwa moto. Nilitaka kutumia solotepu kuokoa muda, akakataa. Akanionyesha waya mmoja wa kazi ya zamani, umesokotwa na kufungwa solotepu: ndani shaba imegeuka kijani kibichi, ukiugusa unavunjika kama ukoko. Miezi mitatu tu ya hewa ya Shangani. Akanikataza pia kugusa waya wowote wenye kiungo cha njano chini ya usukani, kwa kuwa hiyo ni njia ya mfuko wa hewa, na mfuko wa hewa hautanii.

Kidude cha kupunguzia mwanga ndicho kilichotusumbua. Kidude hiki hakipunguzi umeme kama bomba linavyopunguza maji. Kinawasha na kuzima mamia ya mara kwa sekunde, jicho likadanganyika. Tulipokifunga, redio ikaanza kuvuma kama nyuki ndani ya debe. Ukiongeza mwanga, nyuki wanabadilisha sauti. Mpwa alicheka hadi akakaa chini. Kumbe tulikuwa tumekilaza juu ya waya wa antena. Tukakihamishia upande wa pili na kuzisokota nyaya zake pamoja, nyuki wakahama. Mwanga tukauweka kwenye robo. Nilitaka nusu, mpwa akasema tusubiri usiku. Usiku robo ikawa nyingi, tukashusha tena.

Gundi ya nyuma ya utepe msiiamini. Gari likianikwa juani saa saba mchana hapa mjini, dashibodi haishikiki, na gundi inaachia yenyewe. Kipande cha abiria kilianguka siku ya tatu, mke wangu akadhani ni jongoo, sitaeleza kelele alizopiga. Sasa tumefunga vyote kwa vibano vya plastiki, na kwanza tulisugua sehemu kwa spiriti.

Wiki mbili baadaye tukaenda tena Ndanda, tukaondoka jioni kwa makusudi. Kule kwenye giza baada ya Mikindani nilipunguza mwendo, nikawa natazama kingo. Baiskeli ya kwanza niliiona ikiwa mbali, nikamwashia taa ya kona huku nampisha. Pale Mnazi Mmoja, njia panda ya Lindi, mke wangu alinunua korosho za kukaanga dirishani, shilingi mia mbili ikadondoka, akainama na kuiokota bila kusema “washa taa.” Mama mkwe alikuja na tochi yake, akalizunguka gari zima. “Mmezitoa zile?” Nikamwambia nimezitoa, mama. Sikuona haja ya kumweleza zaidi.

Utepe ulibaki karibu mita nne. Nilitaka kuuweka kabatini, mpwa akaniomba ampe rafiki yake mwenye bajaji, nikasema chukua. Amezungushia wote: paa, kiti cha nyuma, hata usukani, na kidude cha kupunguzia mwanga amesema hakihitaji. Juzi usiku nilikuwa Magomeni ya hapa Mtwara, nikaliona lile bajaji likija kutoka mbali kabisa, linang'aa kama jiko la mkaa, abiria wawili ndani wanapiga picha.