Picha 388 zilizomezwa na IMG_0001, na jinsi ninavyozipa picha zangu majina sasa

Aliyenishauri nirudishe namba za kamera kwenye 0001 kila ninapoweka kadi mpya alinigharimu siku tatu na usingizi wote wa siku hizo. Hoja yake ilisikika nzuri: ukianza na moja, mwisho wa siku unajua umepiga picha ngapi. Nikaingia kwenye menyu, nikatoa chaguo la namba kuendelea mfululizo, nikaweka la kuanza upya.

Siku ya harusi ya mdogo wangu nilitumia kadi mbili. Ya kwanza ilijaa picha 612, ya pili 388. Usiku uleule, nikiwa hoi, nikanakili kadi ya kwanza kwenye folda moja, kisha ya pili humohumo. Kompyuta ikauliza kama ibadilishe faili zenye majina yanayofanana. Nikabonyeza ndiyo kwa zote. Halafu nikazifomati kadi zote mbili ndani ya kamera ziwe tayari kwa kazi nyingine.

Asubuhi folda ilikuwa na picha 612, si 1,000. IMG_0388 ni watu wanacheza usiku. IMG_0389 ni bibi harusi mchana kweupe, ameinama anasaini cheti. Yote yaliyotangulia, kuvalishwa, mama kumkumbatia mlangoni, kiapo chenyewe, yalikuwa yamefunikwa na picha za usiku zenye majina yaleyale.

Kwa kawaida kufomati kadi ndani ya kamera hufuta orodha ya faili tu. Picha zenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo kadi ya kwanza nikaiweka kando, wala sikupiga hata picha moja. Kuna mtu alinihimiza nipige mbili tatu za majaribio nione kama kadi ni nzima. Ushauri kama huo usiusikilize kabisa! Nilichukua PhotoRec, programu ya bure ya kurejesha faili zilizofutwa, nikaiambia ihifadhi itakachokipata kwenye diski nyingine. Ikachimba karibu saa mbili.

Zikarudi. Ila majina yalikuwa kwenye ile orodha iliyofutwa, hivyo kila picha ilikuja na jina kama f0482304.jpg. Pamoja na za harusi zilifufuka za miezi ya nyuma, na vijipicha vidogo vyenye majina yanayoanza na t. Zaidi ya elfu mbili, zote zimechanganyika. Nikaanza kuzipanga kwa macho. Nilikuwa natazama urefu wa vivuli vya miti ili nikisie saa, natazama nani bado ana koti na nani ameshalivua. Nilipofika kama ya 60 hivi nikafungua sifa za picha moja, nikaona tarehe, saa, dakika na sekunde ya kupigwa kwake. Kumbe jina limepotea lakini muda uko ndani ya picha yenyewe, kwenye data za EXIF ambazo kamera huandika kila unapobonyeza. Ukibadilisha jina mara mia, data hizo haziguswi.

Hapo ndipo nilipokutana na ExifTool ya Phil Harvey, programu ya kusoma na kubadilisha data hizo, nayo ya bure. Amri niliyotumia ni hii:

exiftool "-FileName<DateTimeOriginal" -d %Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e folda

Kwanza weka TestName mahali pa FileName; itakuonyesha majina mapya bila kubadilisha chochote. Nikajaribu, nikaridhika, nikaiachia. Picha zikajipanga zenyewe kama wanafunzi waliosikia kengele. Vile vijipicha havikuwa na muda ndani, vikabaki pembeni. Nikahesabu za siku ya harusi kutoka kadi ya kwanza: 612. Hakuna hata moja iliyopotea. Nililia, na sioni aibu kusema.

Tangu hapo kila picha yangu hupata jina la aina hii: 20190615_104512_0417. Mwaka unatangulia ili mpangilio wa majina uwe ndio mpangilio wa siku. Zile tarakimu nne za mwisho ni namba ya kamera (kwenye amri, %%-c inakuwa _%%-4f), na nimeziacha kwa sababu ukipiga mfululizo, picha kadhaa huangukia sekunde moja. Neno "harusi" linakaa kwenye jina la folda. Nimeona watu wanaandika Harusi 1, Harusi 2, mpaka Harusi 10, halafu baadhi ya programu zinaiweka ya 10 kabla ya 2.

Badilisha majina kabla hujaanza kuhariri. Faili ya XMP inayobeba marekebisho ya RAW (picha ghafi ya kamera) lazima iwe na jina sawa na RAW yake; ukibadilisha moja peke yake, zinaachana.

Sasa mbinu ninayojivunia zaidi. Ukiwa na kamera mbili, saa zao hazilingani hata siku moja. Kabla ya shughuli kuanza, kila kamera naipigisha picha ya saa ya simu inayoonyesha sekunde. Nyumbani nalinganisha saa inayoonekana kwenye picha na muda ulioandikwa ndani. Kamera yangu ya pili iliwahi kuchelewa dakika 7 na sekunde 20, nikaisogeza hivi kabla ya kuzipa picha majina:

exiftool "-AllDates+=0:0:0 0:7:20" folda

Pete inavishwa kwenye kamera moja na machozi yanatoka kwenye nyingine, na kwenye folda zinakaa jirani.

Kamera nimeirudisha kwenye namba mfululizo. Hata hivyo ikifika 9999 itaanza tena 0001, kwa sababu kanuni ya DCF ya mwaka 1998, inayoelekeza jinsi kamera zinavyozipa faili majina, imetenga tarakimu nne tu. Angalia pia kadi za kuazima: kamera yangu ikikuta humo picha yenye namba kubwa, inaendelea kuanzia hapo. Mimi huzifomati kwanza, baada ya mwenyewe kuthibitisha kwamba amezinakili.

Picha ya mama mlangoni sasa inaitwa 20190615_084403. Haina tarakimu nne za mwisho, maana namba yake ya zamani haikurudi.